Barua ya wazi kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Kilimanjaro na Arusha: selimundu na chale zifundishwe darasa moja

Waheshimiwa Waganga Wakuu wa Mikoa, Waganga Wakuu wa Wilaya, na ninyi wakuu wa vyuo vya uuguzi vya mikoa hii miwili,

Tunawasalimu sisi wauguzi wa wodi za watoto na kliniki za mama na mtoto, Moshi na Arusha. Ombi letu ni moja, na mengine yote humu yanalifafanua hilo. Muuguzi anayefundishwa madhara ya selimundu afundishwe, katika kipindi kile kile na kando ya kitanda kile kile, mambo ambayo familia humfanyia mgonjwa kabla hajafika kwetu: chale, kuumikwa kwa pembe, kuchomwa juu ya bandama, kukatwa kimeo, kung'olewa "meno ya plastiki", mitishamba, mfungo na maombi. Leo selimundu inakaa kwenye somo la magonjwa, mila zinakaa kwenye somo la jamii, na mwanafunzi anafaulu mitihani yote miwili bila kuyakutanisha. Wodini yanamjia yakiwa ndani ya mwili mmoja, saa moja, tena usiku.

Tuanze na hoja tunayoisikia mara nyingi, kwamba selimundu ni ugonjwa wa Kanda ya Ziwa na Pwani, huku kwetu si tatizo kubwa. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Vinasaba vya selimundu viliongezeka mahali palipokuwa na malaria kwa vizazi vingi, kwa sababu aliyerithi kinasaba kimoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana Marangu, Machame na Kibosho, kule juu kwenye baridi ambako mbu hawastawi, wabebaji (wenye kinasaba kimoja) ni wachache kuliko maeneo ya chini yenye joto. Lakini Moshi haiishii Kibosho. Shuka Mabogini, Kahe, Arusha Chini kwenye mashamba ya miwa na mpunga, utakuta familia zilizotoka Mara, Mwanza, Tanga na Morogoro. Arusha ni hivyo hivyo, mji wa watu waliokuja kutafuta maisha. Makadirio yanayonukuliwa mara nyingi kwa Tanzania ni watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka, na basi la Mwanza hupakia wote. Hatari ya huku ni ya namna yake. Kwa kuwa wagonjwa ni wachache, mfanyakazi hawazii selimundu haraka, na familia nayo haina jirani wa kuiambia, "Hata wa kwangu alianza hivyo hivyo." Pengo hilo linajazwa na maelezo mengine: jicho baya, jini, mkono wa mtu.

Ugonjwa wenyewe unaanzia kwenye kitu kidogo mno. Katika mnyororo wa beta wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, nafasi ya 6, pale pa asidi ya glutamiki pamekaliwa na valini. Himoglobini ya namna hiyo ikikosa oksijeni hujipanga kama vijiti, chembe nyekundu inajikunja mfano wa mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, kisha inapasuka kabla ya wakati wake. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii huishi siku 10 hadi 20. Muuguzi akiishika tofauti hiyo ya siku, anaweza kumjibu bibi anayeuliza kwa nini mjukuu haongezeki damu ingawa anapewa rozela, juisi ya bitiruti, supu ya maini na kisusio, ile supu ya damu ya Wachaga. Damu ya mtoto huyu haikosi chuma. Inatengenezwa, inapasuka, na chuma chake kinabaki mwilini. Vyakula hivyo havimdhuru, ale, ila kisusio kiive vizuri, kwa kuwa damu isiyoiva hubeba vijidudu, na salmonela ina tabia ya kwenda kukaa kwenye mifupa ya hawa watoto. Kosa letu sisi ni lile la dirisha la dawa: mtoto anaandikiwa foliki asidi, duka halina, anapewa kidonge chenye foliki pamoja na chuma, na hakuna anayeshtuka. Aliyekwisha kuongezewa damu mara kadhaa ana chuma cha kutosha. Apewe foliki peke yake, na chuma apewe pale tu vipimo vinapoonyesha kwamba kimepungua.

Umri nao una mambo yake. Mtoto huzaliwa na himoglobini ya kichanga, ambayo humlinda mpaka miezi 6 hivi. Ikipungua, dalili ya kwanza mara nyingi ni vidole kuvimba, mikono na miguu yote miwili, mtoto analia akiguswa, ana homa, hanyonyi vizuri. Sasa tazameni: huo ndio umri ambao mtoto mwenye homa, anayelialia na kuharisha, huambiwa ana meno ya plastiki. Fizi zinachokonolewa kwa kitu chenye ncha, vijimeno vichanga vinang'olewa, damu inatoka, na vijidudu vinapata mlango kwa mtoto ambaye bandama yake imeanza kushindwa kazi ya kumlinda. Anafika wodini akiwa na homa kali na damu 4, yaani gramu 4 za himoglobini kwa desilita. Muuguzi asiyejua kufunua mdomo na kutazama fizi atatafuta malaria, ataikosa, na ataendelea kuitafuta.

Kidole kilichovimba kina jambo jingine dogo ambalo halimo vitabuni. Watoto wengi wana uzi au hirizi kwenye kifundo cha mkono. Mkono ukivimba, uzi unabana. Usiuchukulie mkasi. Mwambie mama, "Mama, mkono umevimba, tulegeze kidogo huu uzi damu ipite," naye ataulegeza mwenyewe au atauhamishia shingoni au kiunoni, na utakuwa umepata mtu wa kukuambia ukweli kwa siku zote mtakazokaa pamoja. Ukiukata na kuutupa kwenye ndoo ya taka, umekwisha kumpoteza mama huyo, hatakuambia lolote.

Hapo ndipo tunapofikia swali. Mapokezini wengi huuliza: "Mlimpeleka kwa mganga?" Jibu la swali hilo ni "hapana" tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Linalofaa ni hili: "Kabla ya kuja hapa, nyumbani mmemsaidiaje?" Kisha nyamaza, subiri. Kama aliyemleta ni bibi, shikamoo kwanza, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye aliyeamua na ndiye atakayeamua tena. Kama ni mama wa Kimasai, "yeyo", yaani mama kwa Kimasai, inafungua mlango ambao "wewe mama" inaufunga. Akishataja dawa, uliza mambo matano: alipewa nini, lini mara ya mwisho, kiasi gani, kwa njia gani (kunywa, kupakwa, kuchanjwa, kupigwa bomba), na je, aliambiwa aache dawa za hospitali? Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Dawa nyingi za miti hatuzijui vya kutosha kuzisifu wala kuzilaani, ila agizo la "ukinywa yangu acha zao" tunajua linafanya nini kwa mtoto aliyekuwa kwenye penisilini.

Na majibu hayo yanabadilisha kazi ya nusu saa ya kwanza, ndiyo maana tunasisitiza yafundishwe pamoja. Chukulieni mtoto wa kilo 20 aliyeletwa usiku, analia miguu na mgongo. Ndani ya dakika 30 tangu aingie mlangoni awe amepata dawa ya maumivu. Parasetamoli miligramu 15 kwa kilo, yaani 300, kila saa 6. Aibuprofeni miligramu 10 kwa kilo, yaani 200, akiwa amekula. Maumivu yakiwa makali, mofini ya kunywa miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo, yaani 4 hadi 8, kila saa 4, kwa idhini ya daktari. Halafu kila nusu saa muulize tena, tazama upumuaji na kama anasinzia kupita kiasi, mpaka maumivu yatulie. Pethidini isitumike, mabaki yake mwilini huleta degedege. Na mtoto kutulia akiangalia katuni kwenye simu hakuthibitishi kwamba haumwi. Aliyezaliwa na maumivu hujifunza kuyanyamazia.

Ila kama bibi amesema mtoto amekunywa mizizi siku tatu mfululizo, ametapika na kuharisha, aibuprofeni na diklofenaki zinasitishwa kwanza. Figo za mgonjwa wa selimundu ni dhaifu tangu utotoni, sasa zimekauka, na hatujui mizizi ile imezifanyia nini. Pima mkojo, angalia kama anakojoa, omba kipimo cha kreatinini, endelea na parasetamoli na mofini. Dawa ileile, mtoto yuleyule, uamuzi tofauti, kwa sababu ya sentensi moja ya bibi.

Figo hizo zinaeleza mengi. Haziwezi kubana mkojo, kwa hiyo mtoto anakojoa sana na kujikojolea kitandani hadi umri mkubwa. Wazazi wengi, kwa nia njema kabisa, wanamnyima maji tangu saa kumi na mbili jioni, na wengine wanamtafutia dawa ya kikojozi. Anaendelea kukojoa, maji hayaingii, na asubuhi anaamka na maumivu. Mfungo wa maombi wa siku tatu bila maji unafanya vivyo hivyo kwa mtu mzima, tena haraka zaidi. Hatuombi wauguzi wabishane na wachungaji wala mashehe. Tunaomba wajue kusema: "Maombi yaendelee, maji nayo yaendelee." Viongozi wengi wa dini wakiambiwa mapema hivi watamruhusu mgonjwa anywe, Uislamu wenyewe unamruhusu mgonjwa kutofunga.

Maji yenyewe yana kipimo, na hapa kosa ni letu. Kuna desturi ya kumfungulia kila mwenye selimundu dripu ya haraka, "tumsafishe damu". Mtoto wa kilo 20 anahitaji mililita 1,500 kwa saa 24, ukijumlisha na anayokunywa. Ikiwa hanywi kabisa, ni mililita 62 hivi kwa saa, matone 21 kwa dakika kwa seti ya matone 20 kwa mililita. Ukimpa mara mbili ya hapo, maji yanahamia mapafuni na unajitengenezea mwenyewe tatizo linaloua zaidi, la kifua. Anayeweza kunywa, anywe. Dripu ni ya anayetapika au aliyekauka.

Kifua, basi. Mgonjwa aliyelazwa kwa maumivu ya mgongo na mbavu hapumui kwa kina, kwa sababu kuvuta pumzi kunamuuma. Sehemu za chini za pafu zinanywea, chembe zinakwama humo, na siku ya pili au ya tatu anaanza homa, kikohozi, kuhema, oksijeni inashuka chini ya asilimia 95. Kinga yake ni rahisi hata kuona aibu kuiandika: pumzi 10 za kina kila baada ya saa 2 akiwa macho. Pasipo na kile kifaa cha kuvutia pumzi, chukua chupa ya maji iliyojaa nusu na mrija, mtoto avute pumzi ndefu kisha apulize mapovu, ahesabiwe mpaka 10. Mama anaweza kusimamia. Dawa ya maumivu itangulie, la sivyo hatapuliza. Kwenye kadi yake kiandikwe kiwango chake cha oksijeni siku akiwa mzima, maana Arusha iko juu kuliko Moshi, na bila namba ya nyuma huwezi kujua kama 94 ya leo ni mpya.

Kikohozi cha mtoto wa namna hii nyumbani huitwa kimeo. Anapelekwa kukatwa kilimi kwa kisu au waya, damu inamtoka, hawezi kumeza, na kikohozi kinabaki pale pale kwa kuwa kilikuwa cha mapafu. Mtoto wa selimundu anayekohoa akafunguliwe kinywa kwa kijiti na tochi. Kimeo kikiwa hakipo, au kina kidonda kibichi, taarifa hiyo iende kwa daktari pamoja na oksijeni na idadi ya pumzi.

Na bandama. Hapa tungependa mkae nasi zaidi kidogo.

Kwa watoto wadogo, hasa chini ya miaka 5, bandama inaweza kuifungia damu ndani yake kwa saa chache. Tumbo la kushoto linajaa, mtoto anakuwa mweupe viganjani, analegea, mapigo yanakwenda mbio. Wingi wa damu unaposhuka kwa gramu 2 au zaidi chini ya kiwango chake cha kawaida, huku bandama ikikua, hiyo ni dharura ya dakika. Huko Jamaika wazazi walifundishwa kuipapasa bandama nyumbani, na vifo vya tatizo hili vikapungua. Kinachohitajika ni kijiti cha kubonyezea ulimi. Mtoto alale chali, magoti yakunjwe, vidole vianze chini karibu na kitovu vikipanda kuelekea mbavu za kushoto, taratibu, mtoto akitoa pumzi. Pale ukingo unapogusika, weka ncha ya kijiti kwenye mbavu na uchore mstari kwa kalamu kwenye ukingo. Mama anakwenda nacho nyumbani. Kila wiki, na kila anapoona mtoto hana raha, anapima. Ukingo ukivuka mstari, aje usiku huo huo, asisubiri kliniki.

Wazazi wetu wanalijua tumbo hilo tangu zamani. Wanaliita bandama, jina lile lile, na wana tiba yake: chale mistari mitatu au minne chini ya mbavu za kushoto na dawa kupakwa, au kuchomwa kwa chuma cha moto, au kukandwa kwa nguvu "irudi". Kwa hiyo makovu upande wa kushoto wa tumbo ni historia ya ugonjwa iliyoandikwa kwenye ngozi. Makovu ya zamani yanakuambia bandama hii ilikwisha kuvimba. Chale mbichi zinakuambia ilivimba juzi. Muuguzi anayeyaona na kunung'unika "hawa watu bwana" ameipoteza taarifa ambayo hakuna mashine ingempa. Kukanda ndiko kubaya zaidi, kwa sababu bandama iliyojaa damu inaweza kupasuka mkononi mwa mkandaji. Mfundisheni mama tofauti: miguu na mikono inayouma ikandwe kwa kitambaa cha maji ya moto ya kiasi, inasaidia kweli, tumbo lisikandwe. Barafu isitumike popote.

Kumwongezea damu mtoto huyo nako kuna mtego. Damu iliyofungiwa hurudi kwenye mzunguko bandama ikilegea, ikikutana na uliyompa damu inakuwa nzito na mishipa inaziba. Anza na mililita 5 kwa kilo za chembe nyekundu zilizotenganishwa, upime tena. Kwa mgonjwa wa selimundu kwa ujumla usivuke wingi wa damu wa 10. Na aliyezoea kuishi na 7, amekuja na maumivu tu na damu yake ni 7, haongezewi. Kila chupa isiyo ya lazima inamzalishia kinga dhidi ya damu za wengine na inafanya chupa ya mwakani iwe ngumu kupatikana, na kituo cha Damu Salama cha kanda kilichopo hapa Moshi kinahudumia watu wengi.

Mganga na muuguzi, kwa bahati, wanakubaliana jambo moja: ubaya uko kwenye damu. Wanaachana kwenye dawa. Mganga anasema ni chafu, itolewe, ndipo inapokuja pembe au hijama. Mfundisheni muuguzi ajibu kwa hesabu, wala si kwa dharau. Mtoto wa kilo 15 ana damu lita 1 na robo hivi mwili mzima. Kila chembe yake inaishi wiki mbili. Ukimtoa mililita 100, umemtoa karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya kitu ambacho mwili wake unahangaika usiku na mchana kukijazia. Wazee wanaelewa hesabu ya aina hiyo vizuri sana, hasa wafugaji.

Aliyechanjwa karibuni apewe chanjo ya pepopunda kama imepitwa, na ikiwa wembe ulichangiwa, ashauriwe kuhusu virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Dawa za kinga ya UKIMWI zina dirisha la saa 72. Homa ya 38.5 au zaidi, iwe chale zipo au hazipo, ni damu ya vipimo na seftriaksoni, antibayotiki, miligramu 50 hadi 80 kwa kilo ndani ya saa moja, malaria ikipimwa sambamba. Usimrudishe nyumbani kwa kuwa kipimo cha malaria kimetoka hasi.

Kiharusi tunakipitia haraka, ingawa ndicho kinachoacha ulemavu wa kudumu. Mdomo kupinda au mkono mmoja kulegea ghafla kwa mtoto huonekana kama kupigwa na jini, na siku mbili zinapotea kwenye kupunga. Kipimo cha kasi ya damu kichwani kwa watoto wa miaka 2 hadi 16, mara moja kwa mwaka, huwabaini walio hatarini: kasi ya sentimita 200 kwa sekunde au zaidi. Pangeni rufaa ya kipimo hicho, hata kama ni mbali.

Wavulana nao wana siri. Uume kusimama na kuuma bila kushuka huonekana ni kurogwa au uhuni, na kijana wa miaka 14 hamwambii mama yake. Kila kijana aambiwe kabla halijatokea, faraghani, na muuguzi asiyecheka: kunywa maji, kojoa, tembea, oga maji ya vuguvugu, ukipita saa 4, hospitali. Vidonda vya kifundo cha mguu, donda ndugu, husemwa vimetokana na kukanyaga kitu njiani. Majivu na samadi vinavyopakwa kidondani ndivyo vya kuogopwa hapo.

Lipo pia jambo la mlima Kilimanjaro, ambalo mikoa mingine haina. Mbebaji, mwenye kinasaba kimoja, anaishi maisha ya kawaida, lakini juu sana oksijeni ikipungua bandama yake inaweza kufa sehemu. Mpagazi anayelalamika maumivu makali chini ya mbavu za kushoto akiwa kambi ya Horombo, mita 3,720, au Kibo, mita 4,720, asiambiwe ni gesi. Ashushwe, apimwe selimundu.

Vipimo basi. Kile cha zamani cha kioo na sodiamu metabisalfaiti hakitofautishi mbebaji na mgonjwa, hakifai kwa mtoto wa chini ya miezi 6, na mchanganyiko wake usipotengenezwa siku hiyo hiyo hutoa hasi ya uongo. Vipo vipimo vya haraka vya tone moja la damu ya kisigino, jibu ndani ya dakika 10 hivi, vinavyotenganisha mzima, mbebaji na mgonjwa. Viwekwe kliniki za mama na mtoto, kwanza Moshi Vijijini ya chini na pembezoni mwa jiji la Arusha. Anayebainika aanze penisilini V: miligramu 125 mara mbili kwa siku mpaka miaka 3, kisha 250 mara mbili mpaka angalau miaka 5. Tangu mwaka 1986 inajulikana kwamba dozi hii ndogo inazuia sehemu kubwa ya maambukizi makali yanayoletwa na pneumokoka, bakteria wa nimonia, kwa watoto hawa. Na wazazi waambiwe wote wawili pamoja: kinasaba kimoja kwa baba, kimoja kwa mama, uwezekano wa robo kwa kila mimba. Mwanamke akiambiwa peke yake, kesho yake atasemwa ni ukoo wake.

Haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, isiwe dawa ya Muhimbili peke yake, ambako kliniki ya utafiti wa selimundu imeendeshwa tangu 2004. Utafiti uliochapishwa 2019 kwa watoto wa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda ulionyesha maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vikipungua. Dozi ya kuanzia ni miligramu 15 hadi 20 kwa kilo kwa siku. Kwa mtoto wa kilo 20 kapsuli za 500 zinaleta shida, na zisifunguliwe mikono mitupu nyumbani, hasa na mjamzito. Daktari anaweza kupanga kapsuli moja kwa siku 5 za juma. Picha kamili ya damu irudiwe kila wiki 2 hadi 4 mwanzoni, kisha kila miezi 2 au 3. Muuguzi ndiye anayejua nani hajarudi.

Kuhusu waganga wenyewe, sheria ipo, Na. 23 ya 2002, inayotambua na kusajili tiba asili. Itumieni. Waliosajiliwa katika kila halmashauri waitwe, waonyeshwe dalili nne za kuleta mgonjwa bila kuanza kazi: viganja vyeupe na tumbo la kushoto limejaa, kuhema, upande mmoja kulegea, homa kali. Na mganga anayeleta mgonjwa apigiwe simu, kwa ruhusa ya familia, aambiwe mtoto anaendeleaje. Mwaka 2011 watu walipanga foleni za magari hadi Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500. Anayedhani tunaweza kuwapita waganga kimya kimya hakuwa Arusha mwaka ule. Majani ya isale, ishara ya amani na msamaha kwa Wachaga, sala, mafuta ya upako, bibi kumkanda mjukuu miguu, hayo tuyaache yaingie wodini bila kuombewa kibali.

Juni 19 ni siku ya selimundu duniani, na inaangukia mwanzo wa kipupwe, wakati baridi ya Arusha na Moshi inapoanza kutujazia vitanda. Tunaomba mwaka huu bajeti ya fulana na maturubai ya siku hiyo inunue vijiti vya ulimi, kalamu zisizofutika, vipimo vya haraka, na mofini ya kunywa kwa kila hospitali ya wilaya; na asubuhi yake, saa mbili hadi saa sita, kila wodi ya watoto ifundishe kwa vitendo: dakika 30 za dawa ya maumivu, hesabu ya matone, mapovu ya chupa, kupapasa bandama, kusoma makovu ya tumbo, na swali la "nyumbani mmemsaidiaje". Mganga mmoja aliyesajiliwa na mama mmoja mwenye mtoto wa selimundu wakae mstari wa mbele. Mafunzo hayo yahesabiwe kwenye pointi za kuhuisha leseni, na swali hilo lipewe mistari yake mitano kwenye fomu ya kumpokea mgonjwa, juu, kabla ya sehemu ya vipimo.

Ni sisi,
Wauguzi wa wodi za watoto na kliniki za mama na mtoto,
Moshi na Arusha